Asali Niliyoificha Kwenye Yunifomu ya Kwaya

Wenzangu, chekeni mmalize kwanza, mimi machozi yamenikauka. Ile kazi ya unesi niliyoitafuta tangu nimalize chuo niliipata, kwa kisiwa kimoja huko katikati ya bahari (ndege inafika mara moja kwa wiki, na bila kibali chao hata hupandi), na nikaipoteza kabla sijavua koti.

Masharti niliyasoma yote. Usilete mbegu, usilete matunda, na asali usithubutu kabisa, kwa sababu nyuki wao hawana magonjwa na hawataki ya wengine. Sasa Jumapili ya kuniaga, hapo kanisani Mukuyuni, mama akasimama mbele ya watu na kidumu cha asali ya mizinga ya marehemu baba, pasta akaiombea, wamama wakapiga vigelegele, na mimi ni nani nikatae? Nikajiambia nitaiacha Nairobi, roho ikakataa, nikaifunga na yunifomu yangu ya kwaya nikaizika katikati ya sanduku.

Kufika, afisa wa uhamiaji, mama mpole tu, akaniuliza, "Umebeba chakula? Asali?"

"Hapana, madam," nikajibu na sauti ya kuongoza ibada.

Ngai! Sanduku likaja linadondosha asali. Likafunguliwa hapo hapo, abiria wote wanaangalia, na matroni aliyekuja kunipokea amesimama na karatasi yenye jina langu. Yunifomu ikatoka imelowa chapachapa, nikasema ni mafuta ya nywele (hata mimi sijui hiyo ilitoka wapi), afisa akanusa kidole akanihurumia.

"Ungesema ukweli, tungeichukua tu, wewe ungeingia."

Kibali kikafutwa kwa sababu ya uongo. Matroni akakunja karatasi yake akaenda, mimi nikarudishwa na ndege ile ile.

Sasa nimejificha Kambu kwa binamu yangu, maana Mukuyuni bado wananiombea kwa jina. Naapa, siku hizi nikipewa hata embe nitakataa mbele ya askofu. Lakini kumwambia mama nimeshindwa. Jana alipiga simu, malori yananguruma hapo nje barabara ya Mombasa.

"Hiyo ni kelele gani, mwanangu?"

"Ni bahari, mama."

Akasema, "Asante Yesu. Hata mimi nimesikia bahari."