Siku Mama Kanti Aliponiosha Miguu

Mjukuu wangu Neema akichemsha samli hapa Nsemulwa, mimi huacha kuchambua mchele nikanusa tu. Samli ya moto iliyochanganyika na udi, nyie wanangu, ndiyo harufu ya nyumba ya Mama Kanti, Mhindi mwenye duka la vitambaa Mpanda mjini, nilipokuwa na miaka kama saba hivi. Mama yangu Veronika alifanya kazi kwake.

Ilikuwa sikukuu ya mungu wao wa kike. Picha yake iliwekwa ukutani, amepanda simba, mikono mingi, chini yake maua, nazi, na chungu chenye vitobo kilichowashwa taa ndani. Siku hiyo ilikuwa lazima wasichana tisa waheshimiwe kama mungu huyo mwenyewe, waoshwe miguu na kulishwa, ndipo ibada ikamilike. Walikuja wanane: Pushpa, Nirmala, Kokila, Hansa, Urmila, Sarla, Manjula na kale kadogo, Bharti. Wa tisa, Damyanti, alishikwa na surua. Puri, vile vimkate vyao vya kukaanga, zinapoa, Mama Kanti anahangaika, mara akaniona mlangoni.

"Veronika, lete mtoto wako!"

Nikakalishwa mkekani. Akaja na beseni, akawaosha wenzangu miguu mmoja mmoja. Aliponifikia mimi, akapiga magoti vilevile. Jamani! Kwetu mtoto ndiye humpigia mkubwa magoti. Nami nikapiga magoti haraka: "Shikamoo, mama." Akainama zaidi, nami nikalala kifudifudi kabisa. Beseni likapinduka.

"Huyu anaogelea!" Pushpa akacheka.

Mama Kanti hakucheka. "Skola, kaa. Leo wewe mkubwa, mimi mdogo. Wewe kataa, kazi yangu yote bure."

Nikamtazama mama. "Kaa kitako, mwanangu," akasema. "Mwache akuoshe."

Nikakaa. Maji mapya aliyoleta yalikuwa ya vuguvugu, yakageuka mekundu kwa vumbi langu. Akanifuta kwa pindo la sari yake, akainamisha kichwa mpaka kwenye vidole vyangu. Halafu nikala puri, dengu na halwa hadi tumbo likawa ngoma.

Wakati wa kurudi mama alinibeba mgongoni, msichana mkubwa vile, akimsimulia kila tuliyekutana naye, hata mzee Kasonso fundi viatu. Nilidhani anaringia zile puri. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu: sakafu ile mama aliisugua kila asubuhi akiwa amepiga magoti, na siku ile moja alimwona mwenye nyumba akipiga magoti hapohapo, mbele ya mwanawe.