Breka Iliyoanguka Yenyewe

Juzi fundi wa stima alipokuwa akitufungia breka mpya hapa Kakamega, alinieleza kwamba moja hukata stima mzigo ukizidi, na nyingine hukata stima ikivuja. Nikakumbuka alasiri moja ya mvua nilipokuwa mtoto, chumba kikinuka nguo zilizopigwa pasi.

Kila mara mama alipowasha pasi, tulisikia "ta!" na stima ikapotea. Sanduku la breka lilikuwa barazani, karibu na mlango wa jirani yetu, Mama Nekesa.

"Huyu mama anatuzimianga makusudi," mama alinong'ona.

Nikajificha nyuma ya pazia ili nimnase. Pasi ikawashwa, breka ikaanguka, na barazani hapakuwa na mtu.

"Mama, ni uchawi!" nikapiga mayowe.

Mama Nekesa akatoka mbio, akamkuta mama akienda kuirudisha breka. "Ngoja, dada! Hebu tuangalie waya ya hiyo pasi kwanza."

Mama akaigeuza pasi shingo upande. Karibu na mpini, waya ulikuwa umechunika hadi shaba ikaonekana. Mama akakaa chini, kisha akamkaribisha jirani chai.

Mimi nilisimama mlangoni nikimchunguza Mama Nekesa vidole nione uchawi wake, maana sikujua kwamba breka huweza kujishusha yenyewe ili mtu asife.