Fundi wa Mageti Aliyemeza Dawa za Ugonjwa Usio Wake

Saa mbili asubuhi, Mama Cheche anashusha ngao usoni, anagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, na karakana nzima inawaka mwanga wa buluu. Cheche zinarukia aproni yake ya ngozi. Hajali. Anamaliza kuunga bawaba ya geti, anainua ngao, anaukagua mshono kwa jicho moja.

"Hapa hata aje tembo, atajichosha bure," anasema, kisha anacheka mwenyewe.

Mama huyu wa watoto watatu ana miaka arobaini na mitatu. Amechomelea mageti tangu usichana wake. Lakini kwa miezi kumi na tisa hakuruhusiwa kugusa hata grinda, kwa sababu faili lake la hospitali lilisema ana kifafa.

Yote yalianza siku moja ya joto kali, alipoanguka hapa hapa karakanani na kupoteza fahamu. Hospitali walimpima damu, wakampima na ubongo. Wiki mbili baadaye daktari alifungua faili, akasoma majibu, akamwambia akae mbali na moto na mashine.

"Nikamwuliza, 'Sasa daktari, nibaki na nini? Maana hiyo ndiyo kazi yangu.' Alinihurumia, lakini karatasi ilikuwa imeshasema."

Akaanza vidonge, viwili asubuhi na viwili jioni. Vilimlegeza mwili, mikono ikawa inatetemeka. Kizunguzungu hakikuisha, kwa hiyo dozi ikaongezwa. Karakana ikafungwa kufuli, na nyumbani akawa analindwa kama yai.

"Nikikoroga uji, huyu bwana amesimama nyuma yangu kama askari," anasema, akimwonyesha mumewe kwa kidole.

Mumewe, seremala anayepiga randa upande wa pili wa ukuta, anadakia: "Ningefanyaje? Mke mwenyewe nilikuwa naye mmoja tu!"

Siku ya ukombozi ilikuja bila kupiga hodi. Alikwenda kliniki kama kawaida, na muuguzi mgeni akaamua kumsomea historia yake kwa sauti, ahakikishe kila kitu kiko sawa.

"Akasema, 'Mama, naona uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo.' Nikamwambia, 'Mimi? Mwanangu, sijakatwa na daktari hata ukucha!' Akasisitiza kwamba imeandikwa. Nikapandisha blauzi. Tumbo hilo, kovu hakuna."

Muuguzi alikimbilia masjala. Karani akatoa mafaili mawili ya wanawake wenye jina moja, na namba zilizotofautiana tarakimu ya mwisho tu. Sifuri iliyoandikwa kwa haraka ilisomeka kama sita. Majibu ya ubongo na historia ya upasuaji vilikuwa vya mwanamke mwingine. Majibu ya damu ya Mama Cheche nayo yalikuwa yamelala katika faili la mwenzake: alikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Kumbe ndio uliomwangusha.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake. Yeye aliketi kwenye benchi la masjala akagoma kuondoka.

"Niliwauliza, 'Kama kifafa si changu, mwenyewe yuko wapi? Anakunywa nini?' Karani akanyanyua simu."

Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sitini na mmoja. Kila alipolalamika kuwa anaanguka, aliongezewa vidonge vya damu na kuambiwa mengine ni mawazo tu ya kustaafu. Mkono wake wa kushoto una alama ya kuungua, kwani aliwahi kuangukia jiko.

"Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba najisingizia," anasema mwalimu huyo, ambaye ndiye aliyeomba akutanishwe na fundi. Tangu aanze dawa zinazomfaa, amemaliza miezi saba bila kuanguka. Siku hizi wanaitana pacha, na Jumamosi mwalimu huja karakanani kupiga soga, akikaa mbali na cheche.

Madaktari walimpunguzia Mama Cheche vile vidonge kidogo kidogo hadi vikaisha, wakamtibu upungufu wa damu. Mganga mkuu alimwomba radhi ana kwa ana. Je, ana kinyongo?

"Nililia siku mbili, siwezi kukudanganya. Ya tatu nikaja kufungua kufuli. Hasira nikiipeleka kwenye chuma, mshono unapinda."

Sasa kwenye mlango wa karakana kuna mchoro mpya wa chaki: ngazi ya kuzunguka, ya nyumba ya ghorofa, kazi ambayo hajawahi kuifanya maishani. Amepewa miezi miwili, na ameomba mwalimu amsaidie hesabu za pembe.

"Vipandio ni kumi na saba," anasema, akipitisha kidole juu ya kila mstari. "Nikimaliza, mimi ndiye nitakayepanda wa kwanza. Mwenye nyumba atanifuata."