Nilivyogeuka sanamu ndani ya makumbusho Nairobi usiku kwa sababu ya mama mkwe

Wakuu, niaje.

Leo nimekunywa chai, nimekunja miguu, nikaona nisizeeke na hii story peke yangu. Kila neno hapa ni la kweli. Niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, ingawa sehemu kubwa ya tukio macho hayo yalikuwa yamekodoka upande mmoja bila kupepesa. Mtaelewa.

Kwanza mjue mnaongea na nani.

Mimi ni Barasa, mtoto wa Webuye. Sikusomeshwa na mjomba, sikuchangiwa harambee. Nilienda Leeds, kule Uingereza, na begi moja, nikaosha sahani za watu, nikabeba maboksi, nikajisomesha mpaka nikapata Diploma ya Refrigeration and Air Conditioning. Si certificate. Diploma. Kuna watu humu wana degree na friji yao ikikataa kugandisha wanaipiga kofi.

Nikarudi Kenya enzi zile za simu za kukunja. Nairobi ilikuwa mji mgeni kwangu kabisa. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeiona kupitia dirisha la basi tu, nikielekea airport. Lakini mtu wa Leeds hapotei. Nikapata kazi upesi, nikapanga Muthangari, mtaa wa wenye pesa.

Kwamba nilipanga SQ, kile kijumba cha nyuma ya nyumba kubwa, hilo hakuna aliyewahi kuniuliza vizuri. Muthangari ni Muthangari.

Nikapata pia Nekesa. Binti wa Bungoma, mwalimu wa nursery, mpole mpaka umguse pabaya. Yeye alikuwa amepanga Kinoo, pembeni mwa jiji, kwa landlord mmoja anaitwa Kamau. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wakutane Bungoma kuzungumzia ndoa yetu, Jumamosi ya wiki moja baada ya usiku huu ninaowasimulia.

Sasa hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wasio watu wa magharibi mwa Kenya.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Hakuna kushikana mikono, hakuna kula meza moja, hakuna kutazamana usoni. Ukimwona anakuja barabarani, unatafuta kichaka. Si uadui. Ni heshima, tena kubwa. Na kama wazee bado hawajakaa, ndiyo mbaya zaidi.

Nekesa ana mjomba, Mzee Wanyonyi, ambaye mambo hayo hayachezei. Mchumba wa dada yake Nekesa alikutana na mama mkwe wake mtarajiwa stage ya matatu Bungoma akampokea kikapu, akidhani anasaidia. Mzee alisimamisha mazungumzo mwaka mzima, mpaka mchumba akachoka akaenda zake.

Kwa kikapu, wakuu.

Sasa mama huyo huyo alikuwa amekuja Nairobi kabla ya mazungumzo, akafikia kwa Nekesa. Wiki hiyo mimi na Kinoo tulikuwa hatujuani. Nikipita Waiyaki Way nilikuwa nainama ndani ya gari kama nimeangusha kitu.

Basi Ijumaa jioni, mimi na Nekesa tuko katikati ya jiji tunakula chips kuku. Nimevaa suti yangu ya mistari niliyotoka nayo Leeds, tai, kofia. Sikuwa na sababu. Ijumaa yenyewe ilikuwa sababu.

Kwenye kioo cha hoteli kulikuwa na tangazo. Usiku huo nyumba kadhaa ndogo za makumbusho zingeacha milango wazi mpaka saa sita usiku, kuingia bure.

Nikamwambia Nekesa, "Maliza hiyo chips. Leo nakuonyesha vile watu hutembea makumbusho."

"Wewe unajua makumbusho?"

"Leeds nilikuwa naingia kila wiki."

Huo ni ukweli. (Ni bure, na heater zao zinafanya kazi. Lakini kuingia ni kuingia.)

Kabla hatujatoka Nekesa akampigia Kamau simu asifunge gate mapema, kwamba yuko town na mimi, tunaingia makumbusho, akamtajia na nyumba tutakayoanza nayo. Simu ya kawaida kabisa. Kumbe ndiyo iliyoniua.

Kamau ni mtu mzuri, niseme hivyo mapema. Mzee wa Kinoo, ana ploti, ana ng'ombe, ana pikapu ya kubebea majani ya ng'ombe. Alipokata simu akamwona mama Nekesa ameketi peke yake mlangoni, akamhurumia. Kwao mgeni haachwi nyumbani wakati vijana wanafurahi. Akamwambia, "Mama, chukua sweta. Twende tuwapate watoto."

Hakujua habari ya vichaka. Na mama, hii nilikuja kuambiwa baadaye, alidhani anapelekwa kwa binti yake tu.

Sisi tulikuwa tumeshaingia nyumba ya kwanza. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, vyumba vimefuatana kimoja baada ya kingine kama mabehewa, mlango wa kuingia ndio wa kutokea. Kila chumba kilikuwa na sanamu za watu wa enzi za mkoloni, saizi ya mtu kamili, wamevalishwa nguo. Fundi cherehani. Kinyozi. Mpishi na sufuria zake. Taa walikuwa wameziweka hafifu ili ionekane zamani.

Nilimweleza Nekesa kila kitu. Nilimweleza hata kwamba AC yao imefungwa vibaya. Watu wawili waliokuwa karibu wakasogea kunisikiliza, nami nikaongeza sauti.

Tulikuwa tumefika chumba cha mwisho, ofisi ya mzungu wa zamani, ndipo nikasikia sauti ya Kamau huko nyuma kwa kinyozi. "Mama, angalia huyu ananyolewa tangu uhuru!"

Na sauti nyingine ikacheka.

Nekesa akachungulia, akarudi amebadilika rangi. "Barasa. Ni mathe."

"Mathe gani?"

"Wangu! Ako na Kamau! Jifiche!"

Nijifiche wapi? Dirisha lina grili. Nyuma ni ukuta. Mbele ni mama mkwe. Nikaiona Jumamosi yetu ikiondoka, Mzee Wanyonyi akiifunga kama duka.

Pale ofisini, nyuma ya kamba, palikuwa na sanamu ya mzungu amesimama na kiko mdomoni. Mbele yake meza, taipureta, na kiti cha karani. Kiti kilikuwa kitupu. Sijui karani wao alikuwa amepelekwa wapi, labda kushonwa.

Wakuu, niliruka ile kamba na suti yangu. Nikakaa. Nikashusha kofia, nikaweka vidole kwenye taipureta, nikakodoa macho kwa ukuta. Nikaacha kupumua.

Wakaingia.

Kamau akaanza, "Nekesa! Tumekupata! Injinia ako wapi?" Injinia ni mimi.

"Ameenda... ameenda choo," Nekesa akasema.

Mama akasogea hadi kwenye kamba. Nilimsikia tu, sikumtazama. Harufu ya sabuni ya kipande na mwavuli wenye unyevu.

"Hawa wanatengeneza watu vizuri," akasema. "Huyu wa kukaa ameshiba kuliko wenzake."

"Siku hizi ni technology, Mama," Kamau akamjibu.

"Mpaka wamemwekea jasho."

"Ghai, ni kweli! Linateremka!" Kamau akainama juu ya kamba. Nikamsikia anapumua karibu na sikio langu. "Lakini Mama, huyu si anafanana na yule wetu? Hata suti. Nekesa, kuja uone, huyu ni kama babu yake Injinia!"

Nekesa alikuwa amejaza leso mdomoni. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

Halafu nikasikia viatu vya mama vikigeuka. Alinipa mgongo kabisa, akamwelekea yule mzungu wa kiko.

"Bwana mkubwa," akamwambia yule mzungu, kwa heshima zote, "mimi ni mgeni hapa. Sina neno na karani wako, simjui na sijamwona. Lakini mwambie anyooshe mgongo. Mtu anayetaka watoto wa watu hakai kama gunia."

Nikanyoosha mgongo.

Kamau akapiga yowe, akamshika Nekesa mkono. Yowe likamleta askari wa zamu na tochi.

"Wewe! Toka kwa display! Unakalia nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa mbaya, kwa sababu nikisimama, mlango uko upande wa mama. Ningepita mbele ya uso wake. Nikabaki nimeketi. Askari akaniambia nisimlazimishe kunitoa kwa nguvu. Nikamwambia kwa sauti ya chini bila kugeuza shingo, "Boss, hapo kuna mama mkwe."

Askari akamulika mama, akanimulika mimi. Akazima tochi. "Umetoka wapi?"

"Webuye."

"Mimi ni wa Kimilili, jirani yako tu," akasema. "Pole sana, ndugu."

Mama ndiye aliyetuokoa. Akaufungua ule mwavuli wake mweusi mle mle ndani, akauweka kama ukuta kati yetu, akaanza kutembea. Mwavuli mbele, mimi nyuma nikitazama sakafu, tukapita mpishi, tukapita kinyozi, tukapita fundi. Wageni wengine walitupisha. Mmoja alipiga makofi, nadhani alifikiri ni sehemu ya maonyesho.

Nje nikadhani yameisha. Nekesa alikuwa ameshamweleza Kamau mila yetu, na Kamau aliona aibu sana, na mtu wa Kinoo akiona aibu anaongeza ukarimu.

"Basi Mama lazima aone ile ingine ya Kitisuru," akasema. "Iko njiani."

Kitisuru haiko njiani, wakuu.

Pikapu ilikuwa moja. Mama na Nekesa mbele na Kamau. Mimi, mwenye Diploma, nyuma na mabaki ya majani ya ng'ombe, nimeshika kofia. Nimekaa Leeds kwenye theluji. Baridi ya nyuma ya pikapu usiku, kuingia Kitisuru kwenye ile miti, hiyo haifundishwi.

Huko palikuwa ni nyumba ya mtu binafsi, gereji yake amejaza ngoma, ngao na vichwa vya wanyama. Mimi nilisimama nje ya mlango, kwenye giza. Mama akaingia, akazunguka, akasimama mbele ya kichwa cha nyati.

"Nyati," akasema, na sasa sauti haikuwa ya mzaha. "Nina mabinti wawili. Mmoja ndoa yake ilivunjikia stage. Huyu wa pili anachukuliwa na mtu wa Ulaya. Muulize huyo mtu kama atampeleka huko, nibaki kumsikia kwenye simu."

Nekesa akanitazama kule gizani. Hakuwa anacheka tena.

Wakuu, nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba niko Kenya kwa muda tu. Ilikuwa inasikika vizuri. Hata Nekesa nilishamwambia ajiandae kwa baridi. Lakini ukiulizwa mbele ya nyati, na una majani ya ng'ombe kwenye tai, unajikuta unajua jibu.

"Nyati," nikasema kutoka nje, "mwambie mama nimerudi. Jaketi zangu za baridi nimeshawapa watu. Binti yake atakaa mahali mama anaweza kufika na kikapu."

Mama hakugeuka. Akampapasa nyati shavuni. "Amesikia," akasema.

Kamau alikuwa anafuta macho na kofia yake. Alisema ni vumbi la gereji.

Jumamosi ya wiki iliyofuata wazee wakakaa. Mzee Wanyonyi akauliza lile swali ambalo sote tulilijua: "Huyu kijana na mama yake Nekesa, wamewahi kuonana?"

Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tena. Nina uzoefu.

Mama akajibu kutoka jikoni, nyuma ya pazia. "Huyo simjui. Nairobi niliona sanamu tu na nyati."

Mzee akakubaliana na hilo. Tukaoana mwaka ule ule. Nikahamia Kinoo, kwa Kamau, na mafriji ya Kinoo yote yanagandisha. Mpaka leo mama akituma salamu hanitaji jina. Anasema, "Msalimieni karani. Bado ananyoosha mgongo?"

Funzo langu ni hili. Ukipewa jirani mkarimu, mweleze mila zenu mapema, kabla hajawasha pikapu. Na usiende makumbusho bila kuuliza kama kuna mlango wa nyuma. Hilo Leeds hawakunifundisha.

Haya, uwanja ni wenu. Wakwe wenzangu wa magharibi, wewe ulijificha wapi? Na wale mtakaosema nimetunga, njooni Kinoo mmuulize Kamau. Mtakunywa chai, na atawapeleka Kitisuru mkitaka msitake.