Njoo Tuote

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyonuna kwa ajili ya neno moja. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, baridi ya Sydney imenishika mpaka mifupani, nami nimejifunika blanketi mbili katika chumba changu cha kupanga pale Kensington. Nilikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa kuchukia. Wembamba umeondoka.

Nilikuwa nimeapa sitoki mpaka baridi iishe. Kazini naenda, narudi, nafunga mlango. Kalenda nimeibandika ukutani, kila jioni nakata siku moja kama mfungwa. Mtu akinialika, jibu langu lilikuwa lile lile: baridi ikiisha. Basi watu wakaacha kunialika, isipokuwa Spesi.

Spesi alikuwa Mrundi. Alikulia kambini kule Kigoma, mie nimezaliwa Tanga, tukakutana kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Katika jiji zima hili ndiye pekee niliyeweza kucheka naye kwa Kiswahili mpaka machozi yakanitoka. Wiki ile nilikuwa nimemweleza kwamba kila nikilala namwota marehemu bibi yangu ananipikia uji, nikiamka nalia. Siri hiyo sikumpa mtu mwingine. Basi Jumatano hiyo simu ikalia, na ujumbe wake ulikuwa huu: "Jumapili njoo Minto tuote."

Minto ndiko alikokaa na mama yake, mwendo wa treni. Lakini tuote? Niliusoma mara tatu. Nikajiambia, huyu ananikejeli. Nimemfungulia moyo, kumbe yeye na mama yake wamekaa wananicheka, na sasa wananiita tukaote ndoto pamoja. Sikujibu. Kazini nikawa nampita kama simjui, akinisalimu naitikia puani. Ikapita Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijiona nina haki kabisa, mwanangu, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia.

Wiki ya nne mama yake Spesi akanipigia mwenyewe.

"Mwana wangu, tumekukosea nini? Kila dimanshi, Jumapili zote hizi, tunakuwekea nafasi kwenye mkeka. Jua inatoka, jua inarudi, wewe hauonekani."

"Jua gani, mama?"

"Hii ya kuota. Spesi hakukuambia?"

Elewa, mie ni mtu wa Tanga. Kwetu jua haliotwi, linakimbiwa. Tunavuka barabara kutafuta kivuli, na ukimwona mtu amekaa juani kwa hiari yake utamuuliza kama ana homa. Kwao Burundi, huko milimani, asubuhi ni za baridi, na watu hutoka nje wakakaa juani wapate joto. Neno lilikuwa letu sote, ila kwangu mie watu waliota ndoto, au waliota moto, basi. Nikamweleza mama nilivyolielewa. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Mtoto wangu analia hapa wiki tatu," akasema. "Ulishindwa kumuuliza hata neno moja?"

Niliona haya, mwanangu. Hata leo nikisimulia naona haya.

Jumapili nikapanda treni. Uani kwao palikuwa na sakafu ndogo ya saruji, mkeka umetandikwa, jua la saa tano limeuenea. Spesi aliponiona akageuza uso. Nikakaa karibu yake nikamwambia, "Nilidhani unanicheka. Nisamehe." Akanitupia chenza.

"Menya," akasema. "Mjinga wewe."

Ee, raha ya siku ile! Tulikula machenza, tukatafuna karanga, tukanywa chai ya tangawizi. Spesi akanisuka. Tukacheza karata, na yule mama, mcha Mungu kanisani, alikuwa mwizi wa karata asiye na aibu. Kivuli cha uzio kikitufikia tunausogeza mkeka, kikitufikia tena tunausogeza, mpaka tukabanwa ukutani wote watatu tunacheka. Nikaenda kila Jumapili. Septemba ilipoingia na joto lake, nilisikitika.

Sasa wewe unaniambia, kwa Kiingereza chako hicho, kwamba utakuja kunitembelea baridi ikiisha. Nakujibu kwa Kiswahili, na najua unanisikia. Usingoje majira yabadilike ndipo uanze kufurahi. Ukiitwa, nenda, hata kama pua inachuruzika. Na neno la rafiki likikuchoma, mrudie siku hiyo hiyo umuulize alikuwa na maana gani. Mie nilikaa ndani Jumapili tatu kwa kununa, na mama yule hakuwa na nyingi zilizobaki. Tulimzika mwaka uliofuata, kabla baridi haijaanza.

Mungu akujalie watu wa kukuita, mwanangu, na akupe moyo wa kuitika mara ya kwanza.