Acha Mzigo Utangulie Nyumbani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Nakuru, mwanangu, nikiwa kijana mwenye mabega kama ya fahali. Leo unaniona na maduka na nyumba za kupangisha, ingawa shule niliiacha mapema. Lakini kichwa changu hushika haraka, kikishagongwa.

Mama mkwe alikuwa anakuja kwetu, mtaa wa Section 58, kuona mtoto wetu wa kwanza, na nyumbani hakukuwa na unga hata wa uji. Aibu gani hiyo! Nikakimbia kwa Mama Njoki, mwenye duka la jumla mjini. Wateja waliolipa ada yake ya uanachama, ada ndogo tu ya mwaka, walipelekewa vitu hadi mlangoni bure, kwa mkokoteni wa punda. Kila akiniambia nijiunge, nilimcheka. Mwanaume mzima abebewe unga na punda?

Nikanunua bunda zima la pakiti za unga, nikalitupa begani. Unajua pakiti zetu ni za karatasi. Kabla sijapita soko mvua ikanishukia, karatasi ikalegea, unga ukanitiririka mgongoni. Nikarudi dukani kama mtu aliyepakwa chokaa.

“Sasa boss,” Mama Njoki akasema, “mama mkwe atakulamba mgongo?”

Duka zima likacheka.

“Ni mvua, mathe.”

“Mvua haina makosa. Sikio la kufa halisikii dawa. Hayo mabega hayana kazi nyingine?”

Nikajiunga papo hapo. Bunda lingine likafunikwa turubai, punda akashika njia. Mimi nikabaki sokoni kupakua lori la viazi kutoka Molo, nikapata pesa ya nyama. Kufika nyumbani, mama mkwe ameshiba, anapakata mtoto. “Huyu kijana amejipanga,” akasema. Habari ya mvua sikumwambia, na wewe usimwambie.

Basi sikia, mwanangu. Siku hizi ni simu na bodaboda, lakini neno ni lile lile. Kama unanunua kila wiki, jiunge na duka linalokuletea bure, nauli na mgongo vipumzike, na saa unazookoa uzifanyie kazi. Mimi zimenijenga! Ila usinunue usichohitaji eti kwa kuwa kinaletwa. Bure kama hiyo ni ghali.

Mungu akubarikie mikono, na kila anayebisha mlangoni kwako awe amebeba heri.