Nilikokotwa Nikiwa Ndani ya Gari la Bibi Arusi

Chekeni mmalize, mimi nimekwisha kuzoea: ndiyo, yule mtu mwenye suti aliyepita katikati ya Lubumbashi akivutwa na lori la depanaje, gari lake limejaa maua, ni mimi.

Binti ya dada yangu, Nadine, alikuwa anaolewa, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kumtoa saluni na kumfikisha kanisani kwa wakati (padri alikuwa na ndoa nyingine baada ya yetu, na alishatuonya kwamba hangojei mtu). Mbele ya saluni nafasi ilibaki moja, chini ya kibao cha kukataza kuegesha, nikasema ni dakika mbili, na nani atakamata gari la arusi.

Lori likafika. Ningeshuka niombe msamaha, yangeisha. Lakini kuna jambo tunalolijua wote (nani alitufundisha, sijui): gari lenye mtu ndani halikokotwi. Nikafunga milango.

"Papa, shuka," polisi wa rulaji, wale wa barabarani, akaniambia.

"Mi sishuke. Motokari yenye iko na muntu ndani, habaikokotake."

"Nani njo alikuambia?"

Nikapandisha kioo. Watu wa lori wakainua magurudumu ya mbele, nami nikafunga mkanda.

Sasa mnajua mji wetu, gari lenye maua likipita kila mtu anapiga honi: madereva wa teksi wakapiga, pikipiki zikajiunga nyuma, wamama wa sokoni wakapiga vigelegele, nami, sijui kwa nini, nikawapungia mkono. Bwana arusi, aliyekuwa anatungojea njiani na familia yake ili tuingie kanisani pamoja, akafikiri gari limeharibika na tunasaidiwa, akaingia kwenye msafara na watu wake wote, mpaka ndani ya furiyeri, uwanja wanakofungia magari yaliyokamatwa.

Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mkono. Mpiga picha akapiga.

"Tonton, bibi yangu iko wapi?"

"Iko ku saluni."

Aibu niliyoisikia sina pa kuiweka. Mlinzi wa uwanja akanidai pesa ya kukokota na ya gari kulala, nikamwambia halijalala, limeingia sasa hivi.

"Ikishaingia, njo siku moja. Ata itoke sasa, utalipa siku muzima."

"Na mi mwenye nilikuwa ndani?"

"We hauko na tarif, hatuko na bei ya muntu."

Nikafungua bahasha ya pesa niliyowaandalia maarusi, nikalipa. Kanisani tulimkuta Nadine amekaa kwenye ngazi, veli ya kichwani imejaa vumbi jekundu, amekuja na pikipiki, na ndani wanafungishwa wengine. Wetu walifungishwa mwisho kabisa. Nadine alinikumbatia akicheka. Aliyelia ni mimi.

Albamu yao inaanza na ile picha, bwana arusi amenyoosha mkono, mimi mbele, mkanda nimefunga vizuri. Siku hizi nikiona kile kibao naegesha mbali, natembea. Na lori la depanaje likisimama karibu nikiwa ndani ya gari, nashuka upesi, hata kama ni teksi ya mtu.